Neno la Mama Zima

Ndege inapojikokota kuelekea njia ya kurukia, kuna neno moja ambalo rubani hulisubiri, na halitoki mnarani. Hulitoa mhudumu mkuu, yule anayekaa kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango wa mbele. Kwanza humuuliza mwenzake wa nyuma kwa simu ya ndani, "Nyuma tayari?" Akijibiwa ndiyo, na yeye mwenyewe akiwa ameridhika na upande wake, humwambia rubani, "Tayari." Bila neno hilo, injini na mabawa yote hayo ni basi tu lililopotea njia.

Kwa miaka kumi na mmoja neno hilo lilikuwa la mama mmoja mfupi, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani, ambaye wenzake walimwita Mama Zima. Jina lilitokana na kazi yake. Kila safari alipita kati ya viti akisema, "Zima simu baba, zima simu dada, utaongea ukifika," na hakuchagua sura. Hakuwa akiamini kwamba simu moja ingeiangusha ndege. Hakuwa mtu wa kutishia watu kwa majini. Ila zamani, wakiwa wamesimama ardhini kwenye ukungu, rubani mmoja alimvalisha vile visikilizi vyake vya masikioni. Akasikia sauti ya mnara ikitaja namba, na katikati ya namba, trrr, trrr, kama nyenje aliyefungiwa koponi. Rubani aliomba namba zirudiwe mara tatu. "Huyo ni abiria wako anaaga kwao," akamwambia. Tangu siku hiyo Mama Zima hakuwahi kusema tayari huku akijua kuna nyenje ndani ya kopo.

Siku iliyomponza ilikuwa Jumatatu asubuhi, ukungu umetanda, ndege zimepanga foleni. Kiti cha 3C alikaa bwana wa makamo, suti ya kijivu, saa kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Alikuwa kwenye simu. Laiti angekuwa anaulizia mgonjwa, au ana msiba. Alikuwa anaulizia mapazia. Fundi ameyakata mafupi, yananing'inia kama suruali ya mtu anayevuka dimbwi. Mama Zima alimwomba mara ya kwanza kwa tabasamu. Mara ya pili aliinama, akasema kwa sauti ya chini asimwaibishe mbele za watu. Mara ya tatu yule bwana, bila hata kumtazama, aliinua kidole kimoja, vile unavyomzuia mtoto anayedakia maneno ya wakubwa, kisha akaendelea: "Mwambie afumue pindo."

Kidole kile kilimwingia Mama Zima hadi kwenye mfupa. Alirudi kwenye kiti chake, akafunga mkanda, akainua simu ya ndani.

"Tayari?" rubani akauliza.

"Bado."

"Bado nini?"

"Kiti cha 3C. Mapazia."

Ndege ikasogezwa kando, ndege tatu nyingine zikawapita. Abiria mwanzoni walinong'ona wakimlaumu yule bwana. Wengine wakamtazama kwa jicho la pembeni. Lakini dakika zilipozidi kumi, mnong'ono uligeuka upande. Mama mmoja alisema, dada, mwache tu, twende zetu. Kijana wa dirishani akasema wahudumu siku hizi wanajifanya askari. Halafu likatokea la kutokea: mmoja akatoa simu kuwaarifu wenyeji wake kwamba atachelewa, jirani yake naye akatoa, na kufumba na kufumbua nusu ya ndege ilikuwa inaongea, wote wakilalamika kwamba hawaondoki.

Bwana wa 3C sasa alikuwa amemaliza habari za pindo, lakini simu haikuondoka sikioni. Ilikuwa imegeuka kuwa heshima yake. "Nimeanza kupanda ndege kabla wewe hujavaa hiyo skafu," alimwambia. "Simu yangu haijawahi kuangusha hata nzi."

"Na mkanda wako haujawahi kukuokoa," Mama Zima akajibu, "lakini naona umeufunga."

Ndipo sauti ya rubani ikatoka kwenye spika za darini, nzito, ya kiume, bila tafadhali: simu zote zizimwe, kuanzia kiti cha 3C. Yule bwana akaizima papo hapo. "Samahani, kapteni," alisema, akiangalia dari.

Hilo, kwa kweli, lilimuuma Mama Zima kuliko kidole. Yeye alimsimamia pale mwili mzima, akamwomba mara tatu, akawa hewa. Dari imesema mara moja tu, imeombwa radhi.

Jumatano aliitwa ofisini; bwana wa 3C alikuwa amelalamika. Mkuu wa huduma kwa wateja alikuwa mpole kupita kiasi, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mama yangu hivi, mama yangu vile, wewe ni nguzo yetu. Barua ilikuwa tayari imechapwa, imekosa saini tu. Ilisema kwamba abiria wote walikuwa tayari, na kwamba mhudumu mkuu aliichelewesha ndege kwa hasira zake binafsi. Akisaini, abiria yule atatulia na mambo yataisha. Asiposaini, beji ya mhudumu mkuu itabidi irudi. Mama Zima akaomba kwenda nayo nyumbani.

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la mteja pale barazani. Aliisoma barua kwa tochi ya kazi, akairudisha ikiwa na alama ya dole gumba la grisi. Alimwambia ni karatasi tu. Yeye kila wiki huambiwa ameua jokofu ambalo lililetwa likiwa maiti. Huomba radhi, hulitengeneza, siku zinakwenda.

"Lakini hujawahi kusaini kwamba linagandisha wakati haligandishi," mkewe akasema.

Fundi akarudi nyuma ya jokofu.

Mama mkwe alikuwa sebuleni akipiga kelele kwenye simu, ameishika mbele ya uso kama kioo. Huyo angemtoa mkwewe jasho kwenye ndege yoyote. Alikata, akauliza kuna nini, akasimuliwa.

"Kwani alikuwa ameizima?"

"Hapana, mama."

"Sasa unasaini nini?" Akapiga tena simu yake.

Alhamisi Mama Zima aliirudisha barua. Mahali pa saini alikuwa ameandika kwa mwandiko wa shule: Kiti cha 3C hakikuwa tayari. Mkuu aliisoma, akatafuta pa kumuita mama yangu, hakupapata. Beji ilibaki juu ya meza yake. Kwenye ukosi wa koti yakabaki matundu mawili madogo.

Beji alipewa mwenzake aliyefanya naye kazi miaka saba, dada mrefu waliyemwita Twiga. Twiga hakuweza kumtazama usoni. Alikuwa ameagizwa asiwe mgumu, abiria ni mfalme. Mama Zima akapelekwa nyuma, karibu na choo.

Safari yao ya kwanza namna hiyo, walikuwa wamechelewa tayari. Ndege ilianza kujikokota. Safu ya kumi na saba mtu alikuwa ameificha simu chini ya gazeti, akinong'ona, kidevu chake kikiwaka mwanga wa buluu. Mama Zima alimwendea, akamwomba. "Dakika moja tu, mama," alisema yule mtu, na gazeti likapanda juu kidogo.

Akarudi kwenye kiti chake, akafunga mkanda. Simu ya ndani ikalia.

"Nyuma tayari?" Twiga akauliza, sauti yake ikiomba jibu moja tu.

Mama Zima aliangalia gazeti. Ofisini walichukua beji, wakasahau kwamba hata wa nyuma ana neno lake.

"Bado," akasema.

Mama Zima akamsikia Twiga akivuta pumzi, kisha Twiga akakata. Alibaki na simu ya ndani mkononi, macho kwenye visogo vya watu sabini, akisikiliza injini. Zikaunguruma vilevile kitambo. Halafu mngurumo ukashuka, ndege ikapunguza mwendo, ikasimama, na gazeti la safu ya kumi na saba likateremka taratibu.