Riwaya ya Kweli Kabisa

Watu wa Majengo wakija kwangu kuazima riwaya huuliza maswali mawili tu: "Ina matukio?" na "Ni ya kweli?" Mwandishi ni nani, hawaulizi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nina kabati moja la vitabu sebuleni, na kwa miaka mingi nilijiona bingwa wa kujua nani asome nini. Darasani neno lenyewe ni uhalisia. Mtaani ukisema uhalisia mtu anakutazama kana kwamba umemtukana, kwa hiyo nililifupisha. Nilikuwa nasema, "Ni ya kweli kabisa." Mtu anachukua kitabu anaenda, na mimi nabaki nimeridhika na ujanja wangu. Leo nauita uvivu.

Mkabala na mlango wangu kuna fundi cherehani, mwanamke wa makamo. Wazazi wake walitoka Burundi wakakaa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, naye akazaliwa hukohuko. Anasoma kuliko walimu wenzangu wote, na hapo sijawaonea. Nilimpa riwaya niliyoipenda kupita zote, na niseme ukweli, niliipenda kwa majivuno. Kwetu ni Inyonga, na ndani ya kitabu kile Inyonga ilikuwemo nzima: vumbi la barabara, harufu ya bani la kukaushia tumbaku, kanisa lenye kengele iliyotundikwa mtini, kona wanapokaa wauza asali na madumu yao. Sikuwahi kuona kwetu kumeandikwa namna hiyo. Nilitaka na mtu mwingine akuone.

Siku ya tatu aliniita nikiwa natoka shule na rundo la madaftari mikononi.

"Mwalimu, huyu muuza asali aliyekatika kidole, anayegombeza nyuki kwa Kirundi, yupo kweli?"

"Yupo," nikamjibu, wala sikusimama. "Kitabu chote hicho ni cha kweli. Hiyo kona naijua mimi mwenyewe."

Sikujua kwamba kaka yake aliondoka kwenda Inyonga kufanya kibarua cha tumbaku, fundi akiwa bado msichana, na hakurudi. Sikujua kwamba utotoni kaka huyo alijikata kidole cha mkono wa kushoto kwa shoka. Ndugu walimtafuta mpaka wakachoka. Miaka yote mama yao, bibi kizee wa Katumba, alikataa kuganduka, ndivyo wanavyoita wao siku ya kumaliza matanga, kwa sababu hakuona maiti. Mwaka ule ndipo alipokubali. Siku ilikuwa imepangwa, padri ameambiwa, ndizi za pombe zimeshavundikwa. Fundi akaenda Katumba, akawaambia wasimamishe kila kitu, kaka yupo, Mwalimu amesema. Kisha akapanda basi la Inyonga na kitabu changu mkobani.

Haya yote niliyajua baadaye. Nilichoona mimi ni kibaraza cha fundi kimefungwa mwezi wa kwanza, shule zikifunguliwa, na wazazi wanalalamikia sare za shule ambazo hazijashonwa. Na mimi nililalamika pamoja nao.

Alirudi baada ya siku nne. Alinirudishia kitabu akiwa amekifunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare.

"Kila kitu nimekikuta, Mwalimu. Kengele iko mtini. Bani lipo. Kona ipo, na asali nimenunua. Yeye tu ndiye hayupo. Nimeuliza mpaka wakaanza kunicheka. Mwishowe mwenye duka mmoja akausoma ule ukurasa, akaniambia, mama, huyu ametungwa."

Nina aibu kuandika nilichofanya. Nilianza kumfundisha. Nilimweleza, kama anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, kwamba fasihi ni kioo cha jamii, kwamba mwandishi huchukua mazingira yaliyopo akayajaza watu wa kubuni. Aliniacha nimalize.

"Ungeniambia ni ya uongo ningeisoma nikaifurahia, basi," akasema. "Sasa nenda kamwambie mama. Mimi hanisikii. Kila nikisema ananijibu, Mwalimu kasema yupo."

Nilikwenda Katumba Jumamosi. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama mimi ndiye yule mwalimu. Nikasema ndiye. Nikamwambia kwamba mtu wa kitabuni ametungwa, hajawahi kuwepo, na kosa ni langu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na hiyo kona nayo wameitunga?"

"Hapana, mama. Kona ipo."

"Kanisa je?"

"Lipo."

"Na bani la tumbaku?"

"Lipo, mama."

"Na wewe kwenu si hukohuko?"

"Ndiyo."

"Basi ukienda, umsalimie."

Akarudi kwenye maharage yake.

Kuganduka hakujafanyika mpaka leo. Fundi ananisalimia vizuri, ila haazimi tena kitabu, na sare za mwanangu nazishonesha kwingine kwa sababu siwezi kukaa kwenye benchi lake. Nimejichukia kwa jambo hili kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu akiniuliza kama riwaya ni ya kweli, namwambia ni ya uongo mtupu. Wengi huirudisha kabatini, nami namwacha kila mmoja airudishe.

Desemba iliyopita nilikwenda kwetu likizo. Basi lilisimama kwenye kona ile, wauza asali wakainua madumu yao mpaka madirishani. Na mimi, mwalimu wa fasihi, nikajikuta natazama mikono yao ya kushoto, mmoja baada ya mwingine.