Breki za Mbele za Gottlob Haisch

Gottlob Haisch ni shemeji yangu, kaka wa Rosine, mke wangu niliyemzika mwezi wa pili. Rosine ndiye aliyependa kuisimulia habari hii. Sasa nimebaki mimi.

Baba yao alikuwa mhunzi hapa Hinterwang. Gottlob alianza kwa kufua viatu vya chuma vya farasi, kisha akaenda Stuttgart. Mchana alishika nyundo kiwandani, jioni alisomea uchoraji wa mashine, hadi akawa injinia wa magari.

Zama hizo gari lilikuwa na breki za nyuma tu. Yeye akatengeneza za magurudumu yote manne. Sisi wenye magari ya farasi tulimcheka. Kwenye mteremko wetu tunafunga gurudumu la nyuma lisizunguke. La mbele, hapana.

"Shemeji," nilimwambia mezani, "ukifunga la mbele, mzigo utakupita kichwani."

Akasema hata tajiri wake, Bwana Kübler, anaamini hivyo. Amempa nafasi moja tu: ateremke mlima wetu na gari lililojaa mapipa ya divai. Likipinduka, arudi kwa baba yake akafue viatu.

Siku yenyewe kijiji kizima kilitoka. Kübler akataka mtu wa kukaa juu ya mapipa, aangalie kamba. Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja akamshauri Gottlob aache saa yake kwa mama yake. Nikageuka, namwona Rosine anapanda. Nikamwambia ashuke.

"Baba Frieda, dengu ziko jikoni," akasema. "Nikichelewa, usizimalize."

Wakateremka. Gari likashika kasi. Kwenye kona ya kisima Gottlob akakanyaga breki. Gari likainamisha pua kama farasi anayekunywa maji, likasimama. Pipa halikutikisika.

Kübler alifika akihema, akainama kutazama magurudumu. Kisha akataka warudie, safari hii apande yeye. Rosine hakushuka.

"Nafasi ipo, bwana. Sogea kule."

Waliporudi chini, Kübler alimwambia Gottlob alete michoro yote Jumatatu.

Leo Gottlob ana karakana yake humo kiwandani, na vijana anaowafundisha. Kila gari la mizigo linalotoka pale lina breki mbele. Sasa anahangaika na za magari madogo. Juzi alinipitia nyumbani, akasema nisikae peke yangu, twende tukalijaribu moja.

Nilivaa koti, nikakaa mbele.