Komeo Lilikuwa Limefungwa

Mwanamke ambaye wateja humwita Ratili, kwa sababu kazi yake ni kutengeneza mizani, alifika kwenye karakana ya bodi za magari saa mbili asubuhi. Alikuwa na kovu bichi chini ya sikio, na mkono wa kushoto uliotolewa plasta siku tisa kabla. Kaka yake ndiye aliyeendesha. Alizima injini lakini hakuachia usukani.

"Tunaangalia madirisha," alisema kaka. "Ukilipata la kukuridhisha, sawa. Usipolipata, gari linauzwa wiki hii. Tumeelewana?"

"Umeshasema mara nne tangu nyumbani."

"Basi hii ya tano."

Gari lilikuwa la Ratili, ila kadi ilikuwa na jina la kaka, kwa kuwa siku ya kulinunua yeye ndiye aliyekuwa na barua ya mwajiri. Kwa miaka kumi na moja Ratili alizunguka nalo masoko thelathini na kitu, akibadilisha springi zilizochoka na kupima mizani za wachuuzi kwa mawe yake ya shaba. Mgongoni mwa pikapu kulikuwa na kijumba cha bati: godoro, meza ya kazi, mlango wa nyuma, dirisha moja. Masoko mengi yako mbali na nyumba za kulala wageni, na wachuuzi humtaka kabla hawajatandika bidhaa. Bila kijumba hakuna mzunguko. Bila mzunguko angekaa nyuma ya kaunta ya kaka yake, akiuza balbu na kuitwa "dada wa bosi".

Mambo yalimkuta wiki saba zilizopita, saa tisa alasiri, mvua ikipiga bati na watu wa soko wameshatawanyika. Alijilaza kidogo. Kilichomwamsha ni vidole shingoni. Mwanamume alikuwa ameingia dirishani hadi kiunoni, mkono mmoja ukimkaba, mwingine ukipapasa sanduku la mawe. Ratili alishika jiwe la kilo mbili akampiga nalo mdomoni. Alisikia meno yakivunjika. Akampiga tena palepale. Yule mtu hakurudi nyuma. Alimwangukia kwa uzito wote, akajivuta ndani, akamfungulia mwenzake mlango. Huyo wa pili aliukanyaga mkono wa Ratili kwa kisigino, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ukalia kama kijiti kikavu. Kisha akamchana chini ya sikio kwa kisu cha kukatia kamba, bila haraka, wakati mwenziwe akitema damu kwenye godoro. Waliondoka na sanduku na mizani tano za watu.

Kioo cha dirisha kilikutwa nje kimeegemezwa kwenye gurudumu. Kilikuwa kizima, hakina hata ufa.

Kioo hicho ndicho kilichomhukumu. Askari alikitazama, akasema kioo kizima hakitoki bila komeo kuachwa wazi, akafunga daftari. Mama yake alisema pole, kisha akauliza kwa nini alilala na dirisha wazi. Kaka hakuuliza; yeye alitangaza kwamba dada yake aliliacha wazi. Ratili aliapa kwamba alifunga komeo. Aliapa wiki mbili, tatu. Kufikia ya tano alikuwa amechoka kuapa, na akifumba macho alianza kujiona mwenyewe akiliacha wazi.

Fundi aliyejenga kijumba kile alikuwa mtu mpana mwenye goti bovu, maarufu kwa jina la Ribiti. Alikuwa amepanga madirisha matatu juu ya meza, kila moja limetiwa kwenye kipande cha bati.

"Pole sana, dada," alisema. "Dunia imeharibika."

"Dunia tuiache. Nionyeshe."

La kwanza lilikuwa la vipande vya kioo vinavyofunguka pamoja kwa mpini mmoja. Ratili alichukua spana ya magurudumu kutoka sakafuni.

"Naruhusiwa kupiga?"

"Piga tu, hayo ni ya kuonyeshea."

Alipiga kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa hiyo kwa wiki saba. Vipande vinne vilipasuka kwa mkupuo mmoja. Kimoja kikamrukia Ribiti na kumchana shavu. Fundi aligusa damu, akaitazama kidoleni, akaipangusa kwenye ovaroli.

"Hili la chooni," alisema Ratili.

"Na hata chooni utaoga na wapita njia," kaka alidakia.

La pili lilikuwa la kuteleza, vioo viwili kwenye reli, sawasawa na lile la zamani. Kaka alisema hilo hata lisiguswe. Lakini Ribiti alilipenda, na mtu huona vigumu kunyamaza juu ya kitu anachokipenda.

"Tatizo si dirisha, bwana. Tatizo ni kukumbuka komeo. Hili lina raha yake." Alifunga komeo, akalivuta kuonyesha kwamba limekaza, akaizunguka meza hadi upande wa nje wa bati. "Watu wangu wa safari vumbi linawasumbua. Sasa huhitaji kuingia ndani kuhangaika." Akaweka viganja viwili kwenye kioo, akakisukuma juu kiasi cha upana wa kidole, akakivuta upande wa chini. Kioo kikatoka chote mikononi mwake. "Unaosha, unarudisha. Dakika moja."

Alikuwa bado anatabasamu. Ratili alitazama komeo. Ulimi wa komeo ulikuwa umetokeza, umefungwa.

"Rudisha," alisema. "Fanya tena."

Ribiti alirudisha, na mikono yake ilikuwa imeshaanza kuelewa kabla yake. Komeo lilizuia kioo kwenda kushoto na kulia. Halikuzuia kioo kwenda juu. Mafundi wengine hutia vioo wakiwa ndani ya kijumba. Ribiti, kwa ajili ya mwili wake na goti lake, alizoea kutia akiwa amesimama nje, na ili kioo kipite aliiacha reli ya juu na nafasi. Alichokiingiza kwa nje, yeyote aliyekuwa nje angeweza kukitoa.

"Nilifunga," Ratili alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

Kaka yake alifika kwanza. Alimpiga fundi ngumi ya tumbo, na yule mtu mpana alipoinama alimpokea kwa goti usoni. Pua ililia. Ribiti aliangukia kwenye vioo vya lile dirisha la kwanza, akajaribu kujiinua kwa kiganja, kiganja kikafunguka. Kaka alimkalia kifuani akaendelea, ngumi ya kushoto, ya kulia, mdundo wa mtu anayetwanga. Fundi hakujikinga. Alirudia tu, kwa mdomo uliojaa damu, "Sikujua. Wallahi sikujua."

Ratili aliacha zihesabike ngumi sita hivi. Alitaka kuziona. Kisha aliweka ncha ya spana begani kwa kaka yake.

"Mwache. Mikono yake naihitaji."

"Alikuua huyu."

"Na wewe ulinizika. Wiki saba ulikuwa unaniambia nini?"

Kaka aliinuka.

Ratili alichuchumaa karibu na fundi. "Umeshayatia hivi magari mangapi?"

Ribiti alitema kipande cha jino, akahesabu kwa macho. "Ishirini na sita."

"Wamo wanaolala peke yao?"

"Wamo."

"Simu yako iko wapi?"

Aliwapigia akiwa ameketi kwenye ndoo, kitambaa puani, sauti imeziba. Alianza na mwuguzi wa mifugo, kisha mama anayeuza asali. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: usilale humo, kioo kinatoka kwa nje, kosa ni langu. Wawili walimtukana. Mmoja alicheka akidhani ni utani, ikabidi Ribiti aeleze upya, na safari hiyo sauti ikamkatika.

Dirisha la tatu lilikuwa na kioo kimoja kizito, bawaba juu, na makomeo mawili ya kuzungusha chini. Ukilifungua unalisukuma nje. Ribiti alilitia kwenye kijumba kwa mkono uliofungwa bendeji, safari hii akiwa ndani, amepiga magoti, akigugumia kila goti lilipogusa bati. Skrubu zote zilitazama ndani.

Ratili aliingia, akafunga mlango, akalala kwenye godoro.

"Kaka," aliita. "Njoo unitoe."

"Usinifanyie hivyo."

"Chukua spana. Piga kama unanichukia."

Kaka alipiga. Kijumba kizima kilinguruma. Pigo la pili, la tatu. Kioo kilitoa nyufa kama utando wa buibui lakini hakikuachia. Alichomeka ncha ya spana chini ya fremu akakandamiza kwa mwili wote, akihema, uso wake ukijaa kiooni mbele ya dada yake. Ratili alihisi vidole shingoni ambavyo havikuwepo. Mkojo ulimtoka kidogo. Alibaki chali, akisikiliza fremu ikilia, akingoja isikike ikiachia, na haikuachia.

Kisha akazungusha makomeo yote mawili na kulipiga dirisha teke kwa miguu miwili.

Lilimkuta kaka usoni. Alianguka chali kwenye changarawe, nyusi imepasuka, na kabla hajajua kilichompata dada yake alikuwa ameshatoka dirishani, miguu kwanza, amesimama juu yake na spana.

Kaka alimtazama kwa jicho moja. Jingine lilikuwa limejaa damu.

"Badilisha kioo tu," Ratili alimwambia fundi. "Fremu iache hivyohivyo." Akanyoosha mkono kwa kaka yake, mkono uliovunjwa. Kaka alidhani anamwinua, akaushika. Ratili akatikisa kichwa.

"Funguo," alisema.

Kaka alizitoa mfukoni akampa, akiwa bado amelala chini.