Usiniite Malineo

Selloane aliitwa mama kabla hajajifunza hata kupika uji wa mama mkwe wake usiungue. Siku alipofikishwa kwa kina Molefi, katika kijiji chao cha mawe juu ya mji wa Mafeteng, walimchinjia kondoo, wakamtanda blanketi, na mama mkwe akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba kuanzia leo huyu ni Malineo, mama yake Lineo. Kwingine mwanamke huzaa kwanza ndipo akaitwa mama fulani. Kwetu anaitwa kwanza, huyo Lineo atamkuta njiani. Jina la usichana hubaki kwa wazazi wake kama gauni lililokwisha kumbana, na mwenye adabu halitaji tena, ila siku mke anapofukuzwa.

Lineo wa kwanza alitoka hajafikia ukubwa wa ngumi. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa ameanza kucheza tumboni, na mwezi wa tano ulipoingia akaacha kucheza. Wanawake wazee waliwazika nyuma ya nyumba bila maneno mengi, na kesho yake maisha yakaendelea. Malineo, umeamkaje? Malineo, sare ya mwanangu umeimaliza? Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mlangoni pake hapakukosa mtu. Kila aliyemwita alimwita kwa mtoto ambaye yeye alijua amelala wapi. Akaitika. Wewe ungefanya nini?

Watu nao hawakosi la kusema. Wengine walisema amerogwa. Mvua ilipochelewa wakamtazama kwa pembeni, eti amepita njiani kabla damu haijamkauka. Molefi, mumewe, alikuwa fundi mwashi ng'ambo ya mpaka, akirudi nyumbani mwisho wa juma, na yeye hakuwa mtu wa kushindana na midomo ya watu. Alisikia tu kwamba mjini kuna daktari mwanamke anayewapima wanaopoteza mimba mara kwa mara, akampeleka mkewe. Damu ilitolewa ikapimwa, na baada ya miezi mitatu ikatolewa tena kwa kuhakikisha.

"Hujarogwa," daktari alimwambia. "Mwili wako una askari wa kuupigania, kama mwili wa kila mtu. Wako wamekosea adui. Badala ya kupiga ugonjwa wanaipiga damu yako mwenyewe, inaganda kwenye vijishipa vya kondo la nyuma, na mtoto anakosa chakula na hewa."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe. Ni askari wako."

Selloane hakuona tofauti. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huyu wake alikuwa ndani zaidi ya nguo. Mchawi angeweza kumhama. Mwili wake angeuhama aende wapi?

Njiani Molefi alijaribu kumchekesha. "Damu nzito kuliko maji, mke wangu, lakini yako imezidisha bidii." Hakucheka.

Mimba ya nne ilipoonekana alipewa kidonge kidogo cha aspirini na sindano ya kujichoma tumboni kila siku mpaka atakapojifungua. Akauliza kama mtoto ataishi. Daktari akasema wengi huishi, na hakusema wote. Basi mtu aliyeshika sindano tangu utoto wake alikaa kitandani akitetemeka, amefinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, anaomba msamaha kwa aliyemo ndani. Tumbo lilijaa madoa ya bluu. Kilichomtisha zaidi kilikuwa choo. Kila alipokwenda alifumba macho kwanza, kisha akajilazimisha kutazama nguo yake ya ndani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alishtushwa na kila kitu, hata uzi mwekundu sakafuni.

Asubuhi moja jirani alipaza sauti akiwa getini, "Malineo! Malineo we!" na tumbo likamkaza. Lililegea mara moja, wala halikuwa kitu. Lakini ile hofu haikulegea. Alikwenda jikoni kwa mama mkwe wake, Mathabang, mwanamke mrefu mwenye ulimi ambao hata mbwa wa kijiji waliuheshimu. Alimkuta anakoroga uji wa mtama.

"Mama, nina ombi. Usiniite Malineo."

Mwiko ulisimama. "Nikuite nani? Mchungaji?"

"Selloane."

"Umepata bwana mwingine?"

"Nina mimba, Mama." Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo mno, mkono mdomoni. "Ni wale askari aliowasema daktari. Mtu akiita jina la mtoto naona kama wanasikia. Kama tunawaonyesha alipo. Najua ni upuuzi."

"Ni upuuzi," Mathabang alikubali. "Jina nimelitoa mwenyewe mbele ya watu, kondoo mzima ameliwa, leo linakuwasha." Akakoroga uji mpaka ukaanza kutoa harufu ya kuungua, jambo ambalo halijapata kutokea katika jiko lile. "Kalale, Selloane. Nitakuletea uji."

Tatizo ni kwamba Mathabang hakujaliwa sauti ya kunong'ona. Alipomwita alimwita kutoka uani, na kijiji kizima kikasikia. Selloane, njoo ule. Selloane, ingiza nguo, upepo unakuja. Kwetu hilo lina maana moja tu. Juma halijaisha, habari ilikuwa imezunguka kila nyumba: Malineo kafukuzwa, kashindwa kuzaa, wamemrudishia jina la kwao. Wanawake walikuja kumpa pole wakiwa na nyuso za msibani. Mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, kama ataiuza cherehani.

Habari ilifika mpaka Quthing, nyumbani kwao. Kaka yake Tumisang akaja juu ya farasi, akikokota farasi mwingine mwenye tandiko tupu, na blanketi la mama yao limekunjwa mbele yake. Majirani walishasogea ukutani, kila mmoja ana kisingizio chake.

"Khotso, Mama," alisalimia, hajashuka. "Nimemfuata dada yangu. Mmemrudishia jina la kwao, basi na mwenyewe arudi kwao."

Selloane alisimama mlangoni amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Ulikuwa mwezi wa tano, ule ule uliomchukua wa tatu. Alimtazama yule farasi, akaufikiria mgongo wake, mawe ya njiani, sindano zake zilizobaki kabatini, akaushika mwimo wa mlango. Kusema ana mimba, pale, mbele ya ukuta uliojaa masikio, kulikuwa sawa na kuwapigia kelele askari wote kwa pamoja. Akamtazama mama mkwe wake. Mathabang alikuwa mwanamke wa kujivuna, na neno moja tu lingemsafisha mbele ya kijiji. Atalisema, Selloane aliwaza. Atalisema sasa hivi.

"Wewe kijana," Mathabang alisema, "mimi naitwa nani?"

"Mama Mathabang."

"Thabang yuko wapi?"

Tumisang aligeuza shingo huku na huku, kama aliyeambiwa atafute kuku. "Simjui, Mama. Yuko migodini?"

"Usione aibu. Hata huyu dada yako hajawahi kuuliza."

Selloane akahesabu kichwani. Aliwajua watoto wote wa nyumba ile, Molefi na dada zake wawili. Miaka yote amemwita mwanamke huyu mama yake Thabang, asubuhi na jioni, na siku hata moja hakujiuliza Thabang ni nani.

"Nimeliitikia jina lake kabla mama yako hajaolewa," Mathabang aliendelea, na safari hii hakupaza sauti. "Alikaa tumboni mpaka mwisho, akatoka kimya. Wakaendelea kuniita, nikaendelea kuitika. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kuomba apumzishwe. Dada yako ameomba, nimempumzisha. Hajafukuzwa na mtu. Sasa fungua tandiko, mnyama amechoka, na ugali uko jikoni na mboga."

Tumisang alimtazama dada yake. Akalitazama blanketi lake, jinsi lilivyomkaa tumboni. Kisha akashuka, akafungua tandiko, wala hakuuliza kitu tena. Pale ukutani walisikia lile la Thabang lakini la mimba hawakulishika, na kwa miezi mingine minne Mathabang alikuwa, midomoni mwao, mchawi anayemtesa mkaza mwanawe. Aliwaacha waseme.

Mwezi wa tano ulipita. Selloane hakuamini. Wa sita ukapita, wa saba, na hofu haikupungua hata kidogo, ilikua pamoja na tumbo, kwa sababu sasa alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Alikuwa akiweka kiganja ubavuni na kungoja teke, na likichelewa anaanza kulia kabla ya sababu. Hatimaye daktari alimwita alazwe, akasimamisha sindano ili asivuje damu wakati wa kuzaa, na siku ile bila sindano ilimtisha kuliko zile zote za sindano.

Mtoto alitoka kimya. Selloane alimsikia Mathabang kichwani, akatoka kimya, akatoka kimya, na akawatazama wakunga migongo yao tu, viwiko vinakwenda mbio. Akajua ni askari, wamempata. Kisha kitu kidogo kikapiga chafya, kikanung'unika, kikalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Msichana. Wakamlaza juu ya kifua chake, mwenye joto, mzito, analalama.

Nje, chini ya dirisha, Mathabang alikuwa na Molefi, amezuiwa kuingia. Kwetu baba wa mtoto wa kiume hupigwa fimbo na wa kike humwagiwa maji, na kikongwe yule hakuwa na ujasiri wa kuuliza swali lake lenyewe, akauliza hilo.

"Selloane! Huyu Molefi nimpige fimbo au nimmwagie maji?"

Selloane alikuwa anahesabu vidole vya mtoto.

"Selloane!"

"Mama yako anakuita," mkunga alisema. "Mwitikie basi."

"Mwambie hapa hakuna mtu wa jina hilo."

Mkunga alimshangaa, akaenda dirishani, akayasema vile vile. Nje pakawa kimya. Kimya kile kikakaa, mpaka Selloane akaogopa kwamba ametania mahali pasipo pa utani. Kisha ikaja sauti ambayo hajapata kuisikia kwa Mathabang, nyembamba, kama ya mtu anayepapasa ukuta gizani.

"Malineo?"

"Abee, Mama," aliitika. "Mmwagie maji."