Kengele ya Kitanda na Kengele ya Mlango

Binti yangu alikufa Kawangware, hapa Nairobi, saa nne asubuhi, mimi nikiwa chumba cha mbele nawamiminia chai akina mama wa kanisa. Sikatai. Watu wetu walilisema matangani, mbele yangu: kikongwe alikuwa anakunywa chai.

Nilikuwa nimehama Lindi, ile ya Kibera, kuja kumuuguza. Sikio langu la kushoto lilikufa zamani, na yeye sauti ilikuwa imeisha, kwa hivyo mjukuu wangu, mtoto wake wa pekee, alitutengenezea kengele. Huyo msichana ni fundi wa matumbo ya kompyuta. Mimi niliyeachia darasa la tatu ndiye nilimsomesha kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nitajisifu hadi nizikwe. Aliweka kisanduku ukutani, swichi moja kitandani, nyingine mlangoni. Ya kitanda iliwasha taa nyekundu, ya mlango taa ya njano, na kengele ikalia.

Ya mlango haikuguswa. Kwenye ploti ya vyumba vya kupanga nani anabonyeza? Mtu anapiga hodi kwa mdomo akiwa bado kwenye ngazi. Lakini asubuhi ile akina mama wa kanisa waliiona, wakafurahi kama watoto, wakabonyeza. Njano. Nikafungua. Na kwetu mgeni wa mgonjwa haendi moja kwa moja kitandani: anakaa, mnaomba, anakunywa kitu. Tulipoingia, kidole cha binti yangu kilikuwa juu ya swichi yake.

Nyekundu haikuwaka. Au iliwaka nikiwa nimegeuka? Hilo ndilo lilinila.

Baada ya mazishi mjukuu wangu alikaa na kile kisanduku wiki mbili. Alibonyeza swichi ya kitanda mpaka kidole kikavimba. Kengele ililia kila mara.

"Basi ni mimi," nikamwambia. "Niliiona nikaiacha."

"Kukhu, nyamaza." Kukhu ni nyanya, yaani bibi, kwa lugha ya kwetu. "Kosa la mashine nisipoweza kulirudisha litokee tena, siwezi kusema halipo."

"Kulirudisha? Mwizi ameshatoka, unamwita tena?"

"Namwita. Asiporudi nitamshika vipi?"

"Basi mbona unabonyeza moja? Siku ile wageni walibonyeza ya mlango."

Akaniangalia. "Walibonyeza? Si walipiga hodi?"

"Walibonyeza, na kucheka juu yake."

Aliketi chini. Akanieleza kwamba ndani ya kompyuta kuna mkubwa anayegawa kazi zote, keneli, na kila kifaa kina mhudumu wake, draiva. Swichi ikiguswa, mkubwa anakatizwa kazi yake, draiva anakimbia kuona ni nani anaita. Draiva huyo aliandikwa na yeye mwenyewe.

Tukaziweka swichi zote mbili mezani. Nikaleta mwiko wa ugali, nikazigonga kwa pigo moja. Taa zote zikawaka. Tena. Zote.

"Nafasi anayojifichia huyo mwizi ni ndogo kuliko kupepesa jicho," akasema, akaandika kitu. "Nimemwambia draiva akawie kidogo akiwa kazini, tumwone."

Nikagonga. Njano peke yake. Nikagonga tena. Njano.

"Draiva akimaliza na wa kwanza anafuta ubao wote wa wanaoita," akasema polepole. "Wa pili ameita katikati ya kazi, naye anafutwa, kama mama siku ile. Ilipaswa afute kabla ya kuhudumia, na amfute huyo mmoja tu. Nilijaribu kila swichi peke yake. Ni mimi, kukhu."

Hakulia. Afadhali angelia. Alirekebisha, akamwacha draiva akikawia vilevile, akaniambia nigonge. Niligonga mpaka bega likauma. Njano na nyekundu, njano na nyekundu, na kitanda kitupu hapo kando.

Wiki zote hizo nilikuwa nikiomba lawama initoke. Sasa niliitaka irudi.

"Usimwambie mtu," nikasema. "Wacha waseme chai. Kwani sikuinywa?"

"Ubebe kosa langu?"

"Mgongo huu umezoea. Si ulikubeba wewe?"

Hakunisikia. Jumapili watu wetu walipokusanyika, alisimama akawaeleza yote, keneli, draiva, ubao unaofutwa, kisanduku kikiwa mezani. Alijitaja mara tatu. Walimsikiliza wametulia, kama mahubiri ya lugha ya wageni. Alipomaliza, mjomba wake, mwanangu, akakohoa.

"Kwa hivyo," akasema, "mama alikuwa anakunywa chai."

Mjukuu wangu akaketi. Nikaushika mkono wake chini ya meza. Kile kidole kilikuwa bado kimevimba.