Mwandiko wa Bahgat

Inshirah akikasirika hapigi kelele, anavuta kiti. Asubuhi ile alikivuta mpaka kifua kikagusa meza, nikajua programu ya kuhariri video imejifunga tena.

"Tena?" nikauliza.

"Fikri, ukiniuliza mara nyingine nakutupia hii kibodi."

Tuna chumba kimoja cha kazi hapa Mansura, mimi na kamera yangu, yeye na kompyuta yake. Mimi napiga, yeye anakata na kuunga. Mtu mkaidi kama yeye sijaona. Kila filamu yake hufunguka kwa jina lililoandikwa kwa mkono wa baba yake, Bahgat, aliyekuwa mwandishi wa vibao vya maduka. Kabla mzee hajafa, Inshirah alimkalisha akaandika herufi moja moja, kisha binti akaziingiza kwenye kompyuta zikawa fonti, herufi za kuchapia. Inshirah akibonyeza, marehemu anaandika. Mji mzima hakuna mwenye kitu kama hicho, naye anajua, na anaringa.

Siku hiyo ilikuwa arubaini ya Wasfi, muuza achari. Mjane wake, Hajati Tafida, alitaka filamu ya maisha ya mumewe ionyeshwe baada ya alasiri, mbele ya ukoo uliotoka vijijini. Sharti lake lilikuwa moja: jina la mumewe liwe kwa mkono wa Bahgat, kwa kuwa ndiye aliyeandika kibao cha duka lao mwaka walipooana. Inshirah akamwapia. Sasa kila akijaribu kuitoa filamu iwe faili moja la kuonyeshwa, programu inajizima bila hata neno.

"Hili ni jicho," akasema. "Yule mwenye studio ya pili alikuja jana akaisifu kompyuta yangu bila kusema mashaallah."

Akawasha ubani, akatundika shanga ya bluu kwenye kioo cha kompyuta.

"Jicho gani hilo linazima programu moja na kuziacha nyingine?" nikamwambia. "Tafuta ugonjwa, acha uganga."

Akanisonya, lakini akaanza. Alifuta faili za muda, ikajifunga. Akasafisha na kusasisha kila kitu cha kadi ya picha ndani ya kompyuta, ikajifunga. Akafungua kazi mpya, tupu, ikatulia. Akaingiza nusu ya kwanza ya filamu, ikatulia. Akaitoa, akaingiza nusu ya pili, ikatulia pia. Adhuhuri ilikuwa imeshapita, na simu ikalia.

"Mwanangu, watu wameanza kufika," Hajati akasema. "Usiniaibishe."

"Iko njiani, mama," Inshirah akajibu.

Kilichobaki ni jina. Akaliweka, programu ikajifunga. Akalibadilisha kwa fonti ya kawaida, ikatulia tuli.

"Si fonti ya baba," akasema.

"Inshirah."

"Nimesema si ya baba!"

Ilikuwa ya baba. Faili iliharibika alipoihamisha juzi kutoka diski ya zamani, ile iliyokuwa ikikwaruza, na diski yenyewe imeshakufa. Nakala nyingine hakuna. Kila siku namwambia aweke nakala mahali pengine, naye ananiita mama wa kambo. Aliifuta kwa mkono wake mwenyewe, akainamia meza akalia. Nami nilikasirika, nikaikasirikia diski, nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia hata mzee kwa kufa mwaka ule wa maradhi, watu wamekatazwa kukusanyika, akazikwa na watu wa kuhesabika na arubaini asifanyiwe.

"Weka fonti yoyote," nikasema. "Watu wa msibani hawatazami herufi."

"Yule mama atatazama." Akainua kichwa. "Hivi kile kibao cha achari bado kipo?"

Tulitoka mbio kwenda kutazama. Duka lilikuwa limefungwa kwa msiba, kibao kiko juu, kimejaa vumbi. Nikaazima ngazi kwa kinyozi, nikapanda, nikakifuta kwa shati langu na kukipiga picha. Picha haihitaji fonti. Tuliporudi Inshirah akaiweka mwanzoni mwa filamu, akabonyeza. Safari hii ilitoka yote.

Ndipo akaona chini pembeni mwa kibao, kwa herufi ndogo: Bahgat. Waandishi wa vibao hutia jina lao.

"Tulikate," akasema. "Huu si msiba wetu."

"Muda huo unao?"

Hakuwa nao. Tulifika ukumbini watu wakitoka kuswali. Taa zikazimwa, kibao kikatokea ukutani, rangi imebanduka, jina la Wasfi kwa mkono ule ule. Hajati Tafida akainuka, akasogea mpaka karibu na ukuta, akaweka kidole pale pembeni.

"Msomeeni Wasfi Fatiha," akasema. "Mkimaliza mumsomee na Bahgat. Masikini, yeye hakusomewa."

Ukumbi mzima ukainua mikono. Inshirah hakuinua yake, alikuwa amejiziba nayo uso.