Marais Wawili na Kura ya Baba

Wiki nzima nimekosa usingizi kwa swali moja: nilipokuwa na miaka kumi, nilishindwa kweli, au nilifanywa nishindwe?

Lilianza na harufu ya jinzi mpya, rangi iliyochanganyika na kitu kama siki, iliyonipokea Jumanne kwenye maduka ya jumla ya Shahe. Nilikuwa nachukua sampuli za duka la Baba, aliloniomba nilisimamie tangu nihitimu chuo. Ndugu msomaji, utoto wangu wote unanuka hivyo. Chumba chetu hapa Guangzhou, China, kilijaa marobota ya jinzi kutoka viwanda vya Xintang, na kazi za shule nilifanyia juu yake, miguu ikining'inia.

Mwaka ule Watanzania tuliosali pamoja kila Jumapili katika ukumbi wa kukodi tuliandaa mdahalo wa watoto: kati ya marais wawili wa Marekani, nani aliongoza vizuri zaidi na kuacha mema mengi? Rafiki yangu Neema alipewa yule aliyetangaza uhuru wa watumwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilipewa yule wa kiti cha magurudumu, aliyewashika mkono watu wake walipokosa kazi na benki kufungwa. Baba alinifundisha kila jioni. Alinisimamisha juu ya robota nihutubie, yeye akijifanya Mmarekani mwenye njaa, akinipigia makofi mpaka jirani akagonga ukuta.

"Usikimbie, mama," aliniambia. "Hakuna basi linalokuacha."

Waamuzi walikuwa watatu, Baba akiwa wa mwisho. Wawili wa kwanza waligawana kura. Nikamgeukia Baba nikiwa tayari natabasamu. Akainamia karatasi yake, akasema rais wa Neema alivunja minyororo, wangu aligawa kazi tu. Watu wakamsifu kwa kutompendelea mwanawe. Mimi nikanywa soda, nikiamini kwamba sijui kusema. Tangu siku hiyo, hata kuagiza chai nafanyia mazoezi kichwani mara tatu.

Sasa pale Shahe nikakutana na Baba Neema. Aliniita laoban mdogo, yaani bosi mdogo, akaukumbuka ule mdahalo.

"Baba yako mjanja, binti. Kontena la kupeleka mizigo nyumbani tulichangia, lakini mimi ndiye niliyepanga mzigo, na jinzi zake zilikuwa zinabaki nje. Nikamtania: mpe mwanangu kura, nikupe nafasi. Kumbe mwenzangu alichukulia kweli."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Nikacheka naye, kwa adabu.

Chuoni nilisoma kwamba rais wangu mwenye huruma aliwafungia kambini raia wake wenye asili ya Kijapani. Nilihuzunika kama aliyesalitiwa na ndugu. Nikiwa mtoto nilidhani kiongozi ni mwema au mbaya, uchague. Sikujua kwamba mtu anaweza kukulisha na kukuuza kwa mikono ileile. Jinzi zile ndizo zilizonilipia karo.

Jana nilimfuata Baba dukani. Nilikuwa nimeyaandika maneno ya kumwambia, lakini sikuisoma karatasi. Nilimuuliza hoja zangu zilikuwaje siku ile. Akakunja upya suruali iliyokwisha kukunjwa.

"Zilikuwa bora, mama. Nilijua."

Akaanza habari za kontena. Nikamwambia nimeshazisikia, na kwamba duka lake sitalisimamia tena. Nikaweka funguo juu ya meza, nikatoka.